Umati Hauna Kesi

Kila nipitapo Rusumo husimama kidogo upande wa Tanzania, kabla ya daraja, nikautazama mto. Mto Kagera hapo ni mwembamba. Maji yanabanwa na miamba, kisha yanaporomoka kwa kishindo ambacho mtu hukisikia kabla hajayaona maporomoko yenyewe. Siku hizi lipo daraja jipya na majengo ya kituo cha pamoja cha mpakani, vilivyozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kagame mwezi Aprili 2016. Maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja, madereva wa malori wanangoja mihuri, na abiria wa mabasi wananunua ndizi mbivu. Mgeni anayepita kwa mara ya kwanza hawezi kudhani kwamba mahali hapa padogo pamepitiwa na watu wengi kiasi kile.

Mimi ni wakili. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuwatetea watu wanaoshtakiwa kwa kuingia au kuishi nchini bila kibali. Wengi wao wanatoka wilaya za Ngara na Biharamulo, na wengi wao wanasema wao ni Watanzania. Vijana wanaoanza kazi hii huja kuniuliza namna ya kuzitumia hukumu zilizokwisha kutolewa: ni zipi za kutaja, zitajwe lini, na kwa nini mara nyingine hakimu huzisikiliza na mara nyingine huziweka kando bila hata kuzifungua. Nadhani jibu langu huwachosha, kwa sababu huanza na Rusumo.

Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen aliuvuka mto hapa akaingia Rwanda. Baada ya hapo ng'ambo zote mbili zikawa chini ya utawala mmoja wa Kijerumani, na Mhangaza aliyekwenda kuoa upande wa pili hakuvuka mpaka wa dola yoyote ile. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, Wabelgiji walichukua Rwanda na Urundi, Waingereza wakachukua Tanganyika. Hata hapo mstari haukutulia. Nchi ya Gisaka, iliyo ng'ambo ya Rusumo, iliwekwa kwa muda mfupi chini ya Waingereza waliokuwa wakiota kujenga reli, kisha katika miaka ya mwanzo ya 1920 ikarudishwa Rwanda. Bugufi, ambayo watawala wake walikuwa wakimtazama Mwami wa Urundi, ikabaki Tanganyika, na leo ni sehemu ya Ngara. Mtu aliyezaliwa miaka hiyo aliweza kubadilishiwa dola mara mbili bila kutoka katika shamba lake la migomba.

Nayasimulia haya kwa sababu sheria ya uraia inarudi nyuma hadi kwa watu hao. Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, hakuwa raia wa Tanganyika moja kwa moja kila aliyezaliwa hapa. Ilitakiwa pia mmoja wa wazazi wake awe amezaliwa Tanganyika. Kwa mtu wa Tabora au Lindi swali hilo halina uzito mkubwa. Kwa mtu wa Rusumo ni swali la kutisha, maana linajibiwa na bibi na babu waliokwisha kufa, waliozaliwa wakati hakuna aliyeandika vizazi isipokuwa padri, na mara nyingine hata padri hakuandika. Ongeza hapo wale waliokimbia Rwanda tangu 1959 na kupewa makazi, kama yale ya Muyenzi wilayani Ngara. Mwaka 1980 serikali ilitangaza kuwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Watoto wa watu hao wamesoma na watoto wetu, wameoana nao, na lugha zao zimekaribiana na Kihangaza kiasi kwamba sikio haliwezi kuwa shahidi.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Tarehe 28 na 29 Aprili niliona jambo ambalo sijaona tena mfano wake. Kwa muda wa kama saa 24 watu walipita katika daraja la zamani bila kukatika, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likakadiria kuwa walifika robo milioni. Walibeba magodoro, masufuria, watoto na wazee. Kando ya njia palikuwa na rundo la mapanga waliyoamriwa kuyatupa. Chini ya daraja, mtoni, maiti zilikuwa zikielea, na tulijua zilikotoka. Watu wale wakaketi Benaco, mahali palipoitwa hivyo kwa jina la kampuni ya Kiitalia iliyokuwa imejenga barabara, na katika siku chache pakawa mji mkubwa kuliko mji wowote wa mkoa wetu.

Ndani ya umati huo walikuwamo watu wa kila namna. Alikuwamo mama aliyekimbia tu kwa sababu jirani zake walikimbia. Walikuwamo pia wauaji. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa bwana mkubwa wa wilaya ya Rusumo ya ng'ambo, alikamatwa mwaka 2001 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda mjini Arusha ilimhukumu mwaka 2004 kifungo cha miaka 30, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikakifanya kuwa kifungo cha maisha. Sheria ya wakimbizi, yaani Mkataba wa mwaka 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, inaruhusu watu kupokewa kwa kundi panapotokea dharura. Lakini kumnyima mtu hifadhi kwa sababu ya makosa yake kunataka atazamwe peke yake, aulizwe, ajibu. Kazi hiyo haikufanyika Benaco.

Mwezi Desemba 1996 serikali na shirika lile la wakimbizi walitoa tamko la pamoja: wakimbizi wote wa Rwanda wawe wameondoka ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walijaribu kukimbilia mashariki, porini, wakarudishwa na askari. Kisha wakavuka tena daraja lile lile, safari hii wakielekea kwao, wapatao nusu milioni katika wiki chache. Siwalaumu waliokata shauri hilo kana kwamba mzigo haukuwapo. Misitu ya Ngara ilikuwa imekwisha, ujambazi umeingia, na dunia ilikuwa imeanza kuchoka kutoa chakula. Lakini tangu siku hizo nimebaki na swali moja. Waliorudi walirudishwa kwa tangazo, wote kwa pamoja, mwenye hofu ya kweli na asiye nayo. Umati uliingia ukiwa umati na ukatoka ukiwa umati.

Miaka michache baadaye nilikwenda kusoma sheria Dar es Salaam, na huko nikakutana na shauri la Chumchua Marwa. Huyo alikuwa mtu wa kawaida, kafungwa gereza la Musoma akingoja kuhamishwa kwa nguvu hadi sehemu nyingine ya nchi chini ya sheria ya tangu enzi za ukoloni. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwaka huo huo Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema sheria ile inapingana na Katiba, kwani ilimwezesha mtawala kumwondoa mtu mahali pake bila kumpa nafasi ya kweli ya kujitetea. Shauri hilo halihusu uhamiaji wala wageni. Hata hivyo lilinifundisha ninachokiamini mpaka leo. Mahakama haiwezi kuamua juu ya umati. Inahitaji jina, tarehe na tendo alilotendewa mtu fulani. Jina hilo likishaandikwa katika hukumu, mwingine mwenye shida kama yake anaweza kupita hapo. Umati hauna kesi. Mtu ndiye mwenye kesi.

Mambo ya Kagera hayakuishia 1996. Mwezi Februari 2001 serikali ilitangaza kwamba watu kadhaa mashuhuri si raia, akiwamo Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyepata kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Balozi Timothy Bandora. Na Anatoli Amani, mwenyekiti wa chama tawala mkoani Kagera. Ulimwengu baadaye aliomba uraia na akapewa. Wakati huo nilijiuliza: kama mtu aliyeaminiwa kuitawala wilaya anaweza kuambiwa hivyo, mchunga ng'ombe wa Biharamulo atasema nini? Jibu lilikuja Julai 2013, Rais Kikwete alipokuwa ziarani Kagera akatoa wiki mbili kwa waliokuwa nchini bila kibali waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Maelfu walivuka Rusumo tena. Baadhi yao kweli walikuwa wageni, na wengine walikuwa majambazi ambao sisi wenyewe tuliomba waondolewe. Lakini niliona pia wazee waliolima hapa tangu kabla ya Azimio la Arusha, na wanawake walioacha waume upande huu.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kwa bidii hukumu zinazoweza kumsaidia mtu mmoja aliyesimama mpakani. Ya kwanza niliyoipenda ilitoka karibu nasi. Samuel Mukira Mohochi, wakili wa Kenya, alishuka Entebbe tarehe 13 Aprili 2011 akiwa na wenzake, akazuiwa, akakabidhiwa karatasi inayomwita mhamiaji asiyeruhusiwa, akarudishwa Nairobi siku hiyo hiyo bila kuambiwa sababu. Alikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Tarehe 17 Mei 2013 mahakama ilisema Uganda imevunja Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja. Nchi inayo mamlaka juu ya mipaka yake, lakini ikishatia saini kwamba raia wa nchi mwenzake ataingia kwa uhuru, basi haiwezi kumgeuza mlangoni bila kumweleza sababu. Hukumu hiyo inamhusu moja kwa moja Mnyarwanda au Mrundi anayefika Rusumo, kwa kuwa nchi zao nazo ni wanachama. Ila ina mlango mwembamba. Mtu binafsi anayelalamika mbele ya mahakama ile hupewa miezi miwili tu tangu tendo litendeke au tangu alijue. Nimewaona waliokuja kwangu mwezi wa tatu wakiwa na malalamiko yenye haki tupu, na nikawarudisha.

Ya pili ilitoka tarehe 22 Machi 2018, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo iko Arusha. Anudo Ochieng Anudo alikuwa na cheti cha kuzaliwa na pasi ya kusafiria ya Tanzania. Mwaka 2012 alikwenda polisi Babati kwa ajili ya taratibu za ndoa yake, wakatilia shaka uraia wake na pasi ikachukuliwa. Tarehe 1 Septemba 2014 alipelekwa mpaka wa Kenya. Kenya nayo ikamwona hana haki ya kukaa huko, ikamrudisha. Akabaki Sirari katika kipande cha ardhi kati ya nchi mbili ambacho si cha yeyote. Serikali ilidai kwamba hati zake hazikuwa halali na kwamba wazazi anaowataja si wake. Mahakama ikajibu kwamba kama mtu ametambuliwa kuwa raia kwa hati zilizotolewa na serikali yenyewe, basi serikali inayokana hati hizo ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha. Kuhusu uzazi ilisema kipimo cha vinasaba kingeweza kumaliza ubishi. Iliona pia kwamba sheria zetu hazikumpa mahali pa kulalamika mbele ya jaji, ikaamuru zirekebishwe.

Tuliosoma habari hiyo tulishangilia. Kwa Kagera ilikuwa kama mvua, kwa sababu mwenendo tuliouzoea ulikuwa ni ule wa anayeshukiwa kutakiwa athibitishe mwenyewe, tena papo hapo, kwamba si mgeni. Sasa nitasimulia kosa langu.

Mwaka ule ule nilimtetea mama mmoja wa makamo, mkulima, aliyeshtakiwa kuishi nchini isivyo halali. Yeye alisema amezaliwa upande huu. Nilisimama mbele ya hakimu nikaitaja hukumu ya Anudo kwa sauti kubwa. Nilisema mzigo wa kuthibitisha sasa uko kwa Jamhuri, nikakaa nikiwa nimeridhika. Sikuwa nimeisoma hukumu yote. Nilikuwa nimesoma muhtasari wake, na nakala sikuwa nayo. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mpole. Akauliza swali moja tu: "Mheshimiwa, bwana yule alikuwa na cheti cha kuzaliwa na pasi ya Tanzania. Mama huyu ana nini?" Sikuwa na jibu. Hakuwa na cheti. Kadi yake ya mpiga kura ilikuwa imepotea na sikuwa nimehangaika kutafuta jina lake katika daftari la kijiji. Hakimu aliandika kwamba uamuzi niliouleta unahusu mtu wa hali tofauti, naye alikuwa sahihi. Mama alitiwa hatiani, na amri ya kuondoka haikungoja rufaa.

Nilimsindikiza hadi Rusumo. Alikuwa na furushi moja na kuku wawili. Kabla ya kuvuka alinigeukia akaniuliza, bila hasira, "Wakili, na ile kesi uliyosema?" Nilishindwa kumjibu. Nikarudi nyumbani, nikaipata hukumu yote, nikaisoma kwa siku tatu.

Kuisoma hivyo kulinionyesha nilichokikosea. Nguvu ya hukumu ile haikuwa katika sentensi ya mzigo wa kuthibitisha. Ilikuwa katika neno "hati zilizotolewa na serikali yenyewe". Mzigo ulihama kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuuhamisha. Hati ile ilikuwa kama mtaimbo: bila mtaimbo jiwe halisogei, hata ungelisemesha vipi. Tangu siku hiyo nina daftari. Nikipata hukumu ninayotaka kuitumia, naandika upande wa kushoto mambo yaliyotokea katika shauri lile, moja moja, na upande wa kulia mambo ya mteja wangu. Pale yanapolingana naweka alama. Pale yasipolingana sifichi. Huwa nalisema mwenyewe mbele ya hakimu kabla ya mpinzani wangu kulisema, kisha naeleza kwa nini tofauti hiyo haivunji msingi wa uamuzi. Na kama inavuvunja, siitaji hukumu hiyo kabisa.

Jinsi tofauti ndogo zinavyoweza kugeuza mambo nilijifunza vizuri kwa majirani zetu. Desemba 2012 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba wakimbizi wote walioko mijini wahamie makambini. Julai 2013 Jaji Majanja wa Mahakama Kuu, Nairobi, katika shauri la Kituo Cha Sheria, alilifuta agizo hilo. Alisema halikumwangalia mtu mmoja mmoja, wala serikali haikuonyesha jinsi kuwahamisha wote kungeleta usalama. Mwaka 2014 likaja agizo jingine la namna hiyo hiyo, na shauri likaenda kwa jaji yule yule, safari hii kwa jina la Samow Mumin. Walalamikaji walimwekea mezani hukumu yake mwenyewe. Akaisoma, akaona agizo la pili limetolewa kwa msingi tofauti wa sheria na katika hali tofauti ya usalama, akakataa kulifuta. Wakili anayetaja ya kwanza bila ya pili anajitega mwenyewe. Tena zote mbili, zikiletwa Bukoba au Ngara, hazimfungi hakimu wetu, zinamshauri tu. Kinachomfunga ni uamuzi wa Mahakama Kuu yetu na wa Mahakama ya Rufani. Hilo nalo inafaa aambiwe wazi, maana hakimu akigundua kwamba umempandishia cheo shahidi wako, hatakuamini hata kwa lililo kweli.

Hukumu iliyonifaa zaidi ilianzia mkoani kwetu. Robert John Penessis alikamatwa mwezi Januari 2010 akatiwa hatiani Bukoba kwa makosa ya uhamiaji, naye alisisitiza kwamba ni Mtanzania. Shauri lake lilipanda ngazi zote za mahakama zetu, hatimaye likafika Arusha. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ilisema kwamba mtu akileta ushahidi wa kuanzia, kama nakala za cheti cha kuzaliwa na pasi, basi mzigo unahamia kwa serikali, na serikali haikuubeba. Uamuzi wa Anudo ulikuwa umefuatwa na kupanuliwa. Hapo wenzangu wa Bukoba walisema, sasa tumepata ya kwetu.

Lakini wiki moja kabla, tarehe 21 Novemba 2019, Tanzania ilikuwa imekabidhi notisi ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja mbele ya mahakama ile. Notisi ilianza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Tangu hapo mtu wa Rusumo hawezi tena kufuata njia ya Anudo na Penessis hadi mwisho wake. Hukumu zao zimebaki, na nchi ilikwisha kuahidi kuziheshimu. Ila sasa hatuna budi kuzileta nyumbani na kuwaomba mahakimu na majaji wetu wazifanye kuwa sheria yetu, jambo linalotaka uangalifu mara mbili ya ule wa zamani.

Niliujaribu uangalifu huo kwa mzee mmoja wa Biharamulo, aliyeshtakiwa kwa kosa lile lile la yule mama. Safari hii sikufungua kitabu cha sheria kwanza. Nilimwambia, "Mzee, tuanze na marehemu baba yako." Tulikwenda parokiani, tukapata jina lake katika rejista ya ubatizo na jina la baba yake na kijiji chake. Shangazi yake alitoa mfuko wa ngozi wenye stakabadhi za kodi za enzi za Mwingereza, zimekunjika na kuliwa na mende pembeni, lakini jina linasomeka. Mwenyekiti wa kijiji alileta daftari la wapiga kura. Mwalimu mkuu mstaafu akaapa kwamba alimfundisha. Ndipo nikaandika hoja yangu, kurasa nne tu, nikaambatanisha Anudo na Penessis nakala kamili, na aya ninazozitegemea nimezipigia mstari. Nilisema wazi kwamba mteja wangu hana pasi kama mabwana wale wawili. Kisha nikasema: lakini stakabadhi hizi zilitolewa na serikali iliyotawala nchi hii, na daftari la wapiga kura limetolewa na serikali iliyopo, nayo ndiyo inayomkana.

Mwendesha mashtaka aliomba siku kumi na nne azisome. Siku ya kumi na nne alisimama akasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri. Mzee akaachiwa. Nje ya mahakama alinishika mkono kwa mikono miwili akasema, "Mwanangu, umenirudisha kwetu." Nilifurahi, na bado nafurahi nikilikumbuka.

Hata hivyo jioni ile, nikiwa njiani kurudi, furaha iliingiwa na doa. Shauri lilikuwa limeondolewa, halikuamuliwa. Hakuna mstari hata mmoja uliobaki ambao wakili mwingine angeweza kuusoma na kuutaja. Hoja zangu zimo katika jalada lililofungwa, na mzee wa pili mwenye stakabadhi za baba yake itambidi aanze mwanzo kabisa, kama vile wa kwanza hakuwahi kuwapo. Nikakumbuka umati wa 1996. Nusu milioni ya watu walipita hapa, na uzoefu wao wote haukuacha hukumu inayoweza kumkinga mmoja wao au mtoto wake. Chumchua Marwa, aliyekuwa mmoja tu gerezani Musoma, aliacha.

Kwa hiyo vijana wanapouliza namna ya kuzitumia hukumu, nawaambia wazisome zote hadi mwisho, watafute hati kabla ya kutafuta nukuu, waseme tofauti kabla ya kuulizwa, na wahesabu siku. Kisha nawaambia neno moja zaidi, ambalo halimo katika vitabu vya shuleni. Mteja wako akiwa huru na shauri likiruhusu, omba uamuzi uandikwe. Mweleze mteja kwa nini, umwachie achague, kwa kuwa si haki kumweka mtu mahabusu ili wewe upate cha kunukuu. Lakini akikubali, simama uombe. Sisi tunaotaja majina ya Anudo na Penessis kila wiki tunakula matunda ya mateso ya watu waliokataa kumalizana kimya kimya.

Yule mama sikumwona tena. Nilipata habari kwamba anaishi kwa ndugu wa mbali, si mbali na mto. Ninapokuwa na kesi mpya ya uraia hufungua daftari langu, na katika ukurasa wa kwanza, upande wa kulia, yapo mambo yake niliyoyaandika baada ya kumsindikiza, yaani kijiji alikozaliwa, jina la baba yake, mwaka wa ubatizo ambao ningeweza kuupata kama ningekwenda kuuliza. Upande wa kushoto nimeandika Anudo. Mistari mitatu inalingana. Ilikuwepo siku ile pia.